Utenzi Usio na Vina

Sikuichagua fasihi ya Kiingereza. Darasa la Kiswahili chuoni lilijaa, wakanisukumia huko, na nilipoomba kuhama nikaambiwa muda umepita. Basi nikaachwa na shairi lao refu la kale, kitabu kizima, habari za mwasi aliyetupwa shimoni kutoka mbinguni. Jamani, nililichukia!

Tatizo ni kwamba tenzi nilifundishwa sekondari na mwalimu aliyeziimba: mshororo mmoja, pumzi moja, kina mwishoni, unatulia. Na hili la Wazungu nikalitia mahadhi hayo hayo. Nilijifungia chumbani kwa shangazi, Mkolani, bati linachoma, nikaimba mshororo, nikatulia, nikatafuta kina. Hakuna. Nikahesabu mizani kwa vidole. Maana nayo hakuna, kila mshororo umekatika katikati ya kauli ya mtu. Shangazi, mwanakwaya wa miaka yote, akagonga mlango.

"Unamwimbia shetani humu ndani?"

"Ni masomo, shangazi."

"Masomo gani hayo? Hebu nipishe huko!"

Nikafeli. Nikapewa sapu, mtihani wa marudio, tena ya mdomo: kusoma na kueleza mbele ya mhadhiri. Nikishindwa ni disko, nafukuzwa chuo, narudi Igombe kuanika dagaa na mama, kazi niliyoikimbia. Mama hakunigombeza. Alininunulia turubai langu la kuanikia, akanipigia simu kuniambia ni la bluu, zuri sana. Lile turubai lilinichoma kuliko tusi lolote.

Siku ya sapu nikamwamkia mhadhiri, mama wa makamo, nikaanza na mahadhi yangu. Akaninyooshea mkono.

"Sentensi imeisha hapo?"

Nikatazama. Nukta hakuna. "Haijaisha, mwalimu."

"Sasa unapumzika nini? Twende!"

Nikaacha kuimba, nikasoma mbio naitafuta nukta. Mshororo ukaingia kwenye mwingine, na mwingine tena, pumzi zikaniishia, nukta bado. Na hapo hapo, kwa mara ya kwanza, nikamwelewa yule mwasi. Alikuwa anajigamba na kutukana, hampi mtu nafasi.

"Anasema nini?"

"Amefungiwa, mwalimu. Anaongea mfululizo kwa sababu akinyamaza atasikia kwamba amefungiwa. Hata mimi nisingenyamaza."

Akanitazama kidogo, akaandika. "Umepita. Nenda."

Nilitoka mbio, nikampigia mama. "Mama, nimepita! Sirudi tena huko!"

Akakaa kimya. Nikasikia upepo wa ziwani ukipiga kwenye simu yake.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Turubai lako nilikuwa nimeshalitandika pembeni ya langu."

Moyo uliniuma. Nikaanza kuongea haraka haraka, habari za shangazi, za joto la Mkolani, za chochote kilichonijia mdomoni, ili asipate nafasi ya kunyamaza tena.