Mtani Aliyejua Mpira

Mpaka leo, uzee huu, jirani akifungulia redio kwenye mpira na watu wakalipuka kwa goli, mimi huinuka nikaingia ndani. Wajukuu wananicheka. Wanadhani bibi anaogopa kelele. Sijawahi kuwaeleza, maana watu hawapendi kuharibiwa mpira wao, na hilo nalijua kuliko wao.

Miaka ile ya karanga nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, tunaishi Nachingwea. Wazungu walikuwa wamefungua mashamba makubwa ya karanga, matrekta yananguruma mchana kutwa yakiangusha msitu, na watu wamemiminika kutoka kila upande wa nchi kutafuta kazi kambini. Mume wangu alikuwa msaidizi wa fundi wa matrekta. Nyumba yetu ilikuwa jirani kabisa na kambi, hata maji tuliruhusiwa kuteka kwenye bomba lao. Kwetu hasa ni Ruangwa, ndiko walikokuwa mama yangu na mjomba wangu, na nilipojifungua mtoto wa kwanza mama akamtuma mdogo wangu wa kike aje anisaidie kazi. Alikuwa mwanamke mzima, ameshaolewa na kuachika, mchapakazi, na mdomo wake haukukaukiwa vichekesho.

Kambi ilikuwa na timu ya mpira, na timu ilikuwa na mtu mmoja. Wale kumi wengine walikuwa wa kumsindikiza. Alicheza fowadi, na akishika mpira watu walisimama kabla hajafanya lolote. Wenzake wakivunjika mgongo kung'oa visiki, yeye alipewa kazi ya kukaa stoo kugawa majembe na makoleo, ili miguu isichoke. Hakuna aliyelalamika. Mume wangu alimtaja mara nyingi kuliko alivyonitaja mimi, na mimi ndiye niliyemzalia.

Kwao ilikuwa magharibi, upande wa Songea, na watu wa kwao na sisi Wamwera ni watani. Kwa asiyejua mambo ya Kusini nieleze. Mtani anaingia uani kwako, anakamata kuku, anaondoka naye, nawe unacheka. Anakutukana mbele ya wakwe zako, nawe unamrudishia. Msibani anakuja kuwachekesha waliofiwa. Anayemkasirikia mtani ndiye mwenye aibu. Ni jambo zuri, limewafanya watu waliochinjana zamani wale sahani moja, na mimi silitukani.

Siku moja ya gulio mama alikuja Nachingwea na ufuta wake. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumekaa naye chini. Yule fowadi akapita na kundi lake la mashabiki, maana hakuwahi kutembea peke yake, akasimama, akamwonyesha mdogo wangu kidole.

"Mtani, huyu mke wangu unamficha mpaka lini?"

Mama, mtu wa utani wa kufa mtu, hakufikiri hata kidogo. "Mchukue, mtani. Mchukue leo hii, unipunguzie mlaji nyumbani."

Watu walicheka wakashika mbavu. Mdogo wangu naye alicheka, akamwambia kwanza akaoge. Ndivyo utani ulivyo. Unajibiwa hivyohivyo, na maneno yanabaki palepale gulioni.

Muda haukupita mrefu. Alasiri moja mdogo wangu alikwenda bombani, akachelewa, na mimi nikaanza kunung'unika kwamba kapata wa kupiga naye domo. Kisha nikasikia mtu anaingia kwa mlango wa nyuma. Alirudi bila ndoo, bila kanga ya juu, na mdomo umepasuka. Nilikuwa nimesimama na mtoto begani. Alikaa sakafuni akanishika miguu kwa mikono miwili, akaning'ang'ania hivyo. Baadaye akasema, "Dada, alinivutia stoo akafunga mlango. Nilipiga kelele. Nje kulikuwa na watu, dada. Nilimsikia mmoja anasema, muacheni, anataniana na mke wake. Wakacheka."

Sikuuliza ni nani. Nilijua.

Mume wangu aliporudi nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaenda akaufunga mlango, akarudi akaniuliza kwa sauti ya chini: "Umemwambia nani mwingine?" Hakuuliza shemeji yake yuko katika hali gani. Jumapili ile kulikuwa na mechi na watu wa Lindi. Akasema, "Mke wangu, ukimtaja mtu yule sasa hivi hatukai hapa. Watatuchomea nyumba." Mume wangu hakuwa mtu wa kutia chumvi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Hata hivyo habari nilizipeleka Ruangwa, na mama akaja pamoja na mjomba. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Yeye ndiye anayewaoza, yeye ndiye anayewasemea. Alikwenda moja kwa moja kwa jumbe kufungua shauri, na nilimpenda kwa hilo. Mdogo wangu alimwambia neno moja tu. "Mjomba, sitaki fidia, wala sitaki afungwe. Nataka aondolewe mahali ninapopita. Nisimkute njiani, basi." Hicho ndicho alichoomba tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakuwahi kuongeza kitu.

Zilikuwa siku mbaya zile za kungojea baraza. Mabonge ya udongo yalirushwa juu ya paa letu la nyasi mchana kweupe, na ukitoka nje unawakuta vijana wamekaa kibarazani kwa jirani wanakutazama, wala hawakimbii. Hawakusema kitu. Afadhali wangetukana. Nikifika bombani wanawake waliondoa ndoo zao wakanipisha, kana kwamba nina ndui. Mmoja wao, ambaye nilimkanda kwa maji ya moto alipojifungua, alinifuata akaninong'oneza: "Mwambie mdogo wako aseme alijikwaa. Kwani huyu mtu akiondoka, nani atatufungia magoli?" Wallahi nilitaka kumzaba kibao. Lakini nilikuwa na mtoto mgongoni, na nilikuwa nasikia nyayo za watu nyuma yangu, nikaogopa hata kugeuka.

Siku ya baraza uwanja wa jumbe ulijaa kuliko siku ya mechi. Fowadi alikuja na timu nzima, wamevaa jezi. Hebu niambie, nani huenda kwenye shauri na jezi? Mdogo wangu alisimama akasema yote. Hakuruka kitu. Wakati mmoja kulikuwa kimya kiasi kwamba nilidhani wanamwamini.

Ndipo kapteni wa timu akasimama, kwa adabu kabisa, akamgeukia mama. "Shikamoo mama. Siku ile ya gulio, ulimwambia nini mtani wako?"

Mama akajifunika uso kwa upindo wa kanga.

Wakasimama mashahidi, mmoja akikaa mwingine anainuka. Na kilichonitisha ni kwamba hakuna hata mmoja aliyedanganya. Alisema mchukue. Alisema leo hii. Mwanamke mwenyewe alicheka, tulimwona. Yale ya stoo hakuna aliyeyagusa, ni gulio tu, gulio, gulio. Jumbe, ambaye naye hakukosa mechi hata siku moja, alipumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Akasema hili ni jambo la watani, limevuka mpaka kidogo, na faini ya mtani inajulikana. Jogoo mwekundu akaletwa palepale. Walikuwa wamekwisha kumfunga miguu, kwa hiyo walikuja naye tangu kambini. Wakamweka mbele ya mama, na mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikaenea uwanja mzima.

Nilikuwa nimemshika mdogo wangu kiunoni. Kuikataa faini ya mtani ni kutangaza ugomvi na ukoo wake wote, na watu walikuwa wametuzunguka pande zote. Mjomba aliinama akamchukua yule kuku.

Mama alimrudisha mdogo wangu Ruangwa. Njia nzima, aliniambia baadaye, alikuwa akijipiga mdomo kwa kiganja, na mdogo wangu akimshika mkono amzuie.

Sasa Ruangwa nayo ilikuwa na timu yake, ya wafanyabiashara wa sokoni, na kila mwaka Nachingwea ilikuja ikawatia aibu kwa miguu ya yule yule mtu mmoja. Basi msimu uliofuata kambi ikaja na malori yake, na mimi nikaja kwenye lori na mume wangu. Tulipofika uwanjani nikasikia wimbo. Watu wa Ruangwa walikuwa wametunga wimbo juu ya stoo, juu ya mwanamke wa bombani, juu ya jogoo mwekundu. Mjomba alikuwa mbele kabisa, na ngoma shingoni. Kila fowadi alipogusa mpira waliuimba. Akapoteza mipira, akateleza, akamtukana refa, na Ruangwa wakashinda. Mama alilia kwa furaha, akainua mikono akasema alhamdulillahi, watu wetu wametusimamia.

Nilikimbia nyumbani kwa mama kumpa mdogo wangu habari. Nilimkuta amelala, amejifunika shuka gubigubi joto lote lile.

"Dada," akasema chini ya shuka, "wanamwimba yeye au wananiimba mimi?"

Nje watoto walikuwa wakipita na ule wimbo, wakipiga makopo.

Karanga hazikukubali, kila mtu anajua. Matrekta yakasimama moja moja, kambi ikaanza kupunguza watu, na mume wangu akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Tukahamia Ruangwa, tukajenga uani kwa mama, tukalima mhogo na ufuta. Mdogo wangu alikuwa ameanza kutoka. Alikwenda kisimani peke yake, alikwenda shambani, siku nyingine hata nilimsikia akimtania mtu. Nikasema moyoni, yamepita.

Asubuhi moja nilikwenda kwa mjomba kuomba moto. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa mabua tu. Nikamkuta fowadi amekaa kibarazani kwa mjomba, anakunywa uji.

"Hujambo, mtani," akaniambia.

Mjomba alitoka ndani, akaniona usoni, akanivuta pembeni ya nyumba. Akaanza kunieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa. Kambi imemwachisha kazi, hana pa kukaa. Watu wa sokoni wamempa kazi ya kupima mazao, jioni atafanya mazoezi, na yeye mjomba wamemwomba chumba kimoja tu. "Mwanangu, yale mambo yalikwisha barazani. Faini tulipokea. Na huyu sasa ni wetu, unajua mwaka huu tutawafanya nini Nachingwea?"

Alikuwa anatabasamu. Mtu aliyebeba ngoma shingoni.

Ule wimbo ulikufa kwa siku moja tu. Watoto walioanza kuuimba walizabwa makofi na wazazi wao wale wale waliowafundisha. Mwanamke mmoja kisimani alimwambia mama, kwa upole, kwamba si vizuri kumuaibisha mgeni. Na mume wangu, nilipomweleza nani amehamia ng'ambo ya ua, alianza kutabasamu kabla hajajizuia. Aliliondoa upesi lile tabasamu, akasema pole. Lakini nilikuwa nimeliona. Tangu siku ile nilimwogopa kidogo mume wangu, mpaka tulipomzika.

Mdogo wangu hakulia. Alimsikia yule mtu akikohoa upande wa pili wa mabua, akasimama, akaingia ndani, akaanza kukunja kanga zake. Tulikuwa na shangazi Kilimarondo, mbali kule, ambaye kila mara alituma salamu kwamba anahitaji mtu wa kumsaidia kulinda shamba.

Mama akaketi mlangoni kumzuia. Kilimarondo tembo wanaingia mashambani, akasema, na mwaka ule simba alikuwa amekwisha kukamata watu, tena mchana, wakitoka kulima. Mwanamke peke yake kwenye kibanda cha shambani, atapona vipi? "Utaliwa, mwanangu. Nakuomba, kaa hapa kwa watu wako."

Mdogo wangu alikaza fundo la mzigo kwa meno.

"Mama, kule simba akikamata mtu, wanaume wote wanatoka na mikuki. Hawampi chumba."

Mama akainuka, akampisha, akaenda jikoni kumfungia mihogo ya njiani.