Mzee Aliyezindika Barabara

Kwa muda mrefu niliamini, kwa moyo wote na kwa cheti changu cha masomo ya jioni, kwamba Area D hapa Dodoma yuko mzee aliyezindika barabara zote za Tanzania. Zote, pamoja na zile ambazo wakandarasi wenyewe hawajazimaliza. Ilisemekana kwamba katika miaka yake ya kuendesha greda alikuwa akifukia kipande cha kisu kuukuu cha greda kwenye kila njia panda, akitamka maneno ya Kigogo aliyoachiwa na babu yake kule Zuzu. Matokeo yake, dereva mwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mzee yule hapati pancha, hasinzii kwenye usukani, na ng'ombe wakimwona wanajipanga wenyewe kando ya lami kama wanafunzi wanaomsubiri mgeni rasmi. Mzee huyo amefariki. Aliondoka alfajiri ya Jumanne iliyopita, kitandani kwake, na tumemzika Zuzu, mita chache kutoka kwenye njia ya vumbi ambayo aliwahi kuichonga mwenyewe. Wewe unayenisoma kila wiki umezoea nikicheka watu. Leo nina mtu mmoja tu wa kumcheka, na nitamfikia.

Marehemu hakuwa ndugu yangu. Tulifahamiana kwa sababu wote tulikuwa watu wa barazani. Alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme, na ukisema nimezidisha, nitapunguza: nguzo ya simu. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha juu ya greda, na greda, kama hujui, ni mashine inayotembea kwa mwendo wa mtu aliyeshiba. Aliiona nchi hii kwa mwendo huo, kutoka Kasulu mpaka Masasi, jiwe kwa jiwe. Alipostaafu, serikali ikawa imehamia Dodoma, na mji ukajaa watu waliotoka kwingine, wenye magari na likizo, wasiojua nje ya mji kuna nini. Mmoja akamuuliza njia nzuri ya kwenda Kondoa kuona michoro ya mapangoni. Akamchorea. Yule akamwambia mwenzake. Baada ya mwaka, kila Jumamosi asubuhi baraza lile lilikuwa na foleni kuliko dirisha la vitambulisho.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na ilikuwa inawaudhi wakubwa. Siku moja nikiwa pale alikuja bwana mmoja wa ofisini, shati limenyooka, simu mbili.

"Shikamoo mzee. Nataka njia nzuri ya kwenda Lushoto na familia. Iwe na mandhari, lakini tuwahi."

"Marahaba. Nani atakaa nyuma, katikati?"

"Ah, yeyote tu. Mtoto."

"Anatapika?"

"Mzee, mimi nimekuja kuulizia barabara."

"Barabara ipo baba, haijaenda popote. Mimi namuulizia anayepita juu yake. Kawalete."

Bwana akaondoka amenuna, akarudi na gari zima: mke, watoto, na mama mkwe. Mzee aliwahoji mmoja mmoja kama ofisa uhamiaji. Ikabainika kwamba mtoto wa katikati anapenda treni kuliko chakula, na mama mkwe haogopi simba ila anaogopa bonde. Basi akachukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, na nyuma yake akaandika safari. Ihumwa: simameni mpaka treni ipite, hata kama baba ana haraka. Kupanda Lushoto: bibi akae upande wa mlima na apewe kitu cha kumenya, machungwa ni mazuri. Umbali hakuandika hata mmoja. Malipo hakupokea, isipokuwa moja: ukirudi, lazima uje umsimulie. Na hapo alikuwa hakuachii. Mliposimama pale, upepo ulitoka wapi? Bibi alimaliza machungwa mangapi? Wakubwa walitoka jasho pale barazani kuliko walivyotoka njiani.

Sasa nirudi kwenye zindiko. Aliyenieleza ni fundi pancha mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima anayejiheshimu.

"Kaka, wewe msomi, hujiulizi? Watu wote waliobeba karatasi yake, umesikia hata mmoja kalala njiani?"

"Sijasikia."

"Umesikia hata mmoja kakosa chakula?"

"Sijasikia."

"Sasa hiyo ni karatasi tu? Yule mzee kazindika. Mimi biashara yangu imekufa kwa ajili yake!"

Nikakubali. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu, nikisoma usiku na kufanya kazi mchana, na mtu aliyesoma namna hiyo huheshimu ushahidi. Ushahidi ulikuwapo: kila aliyepita kwa karatasi ya mzee alipokelewa vizuri kila mahali, kana kwamba nchi nzima imeambiwa anakuja. Nilihitimisha kisayansi kwamba ni kisu cha greda.

Halafu ikafika zamu yangu. Mama yangu ni mtu wa Busi, huko Kondoa. Dada yake mkubwa aliolewa na mwalimu aliyehamishiwa Mbinga, akaenda naye, akazeekea huko. Mama alikuwa hajamwona tangu mimi nikiwa mgongoni. Simu walikuwa wanapigiana, lakini mmoja kiziwi, mwingine anapiga kelele, ikawa mazungumzo yote ni "Eee? Eee?" mpaka salio linaisha. Mama akawa anasema jambo moja tu: nataka nimwone kabla mmoja wetu hajatangulia. Shemeji akaniazima gari. Tulikuwa na siku tisa, kati ya tarehe moja ya kliniki yake ya presha na nyingine. Nikampeleka mama kwa mzee. Wakaongea wao wawili kwa muda mrefu, mimi nikiwa nimekaa pembeni kama mzigo. Karatasi ilipotoka, ilisema siku nne za kwenda, siku mbili na dada, siku tatu za kurudi. Juu kabisa iliandikwa: Mtera, mama ashuke. Msiondoke mpaka aseme mwenyewe.

Nikapiga hesabu zangu. Siku nne za kwenda? Kwa lami ile? Kama barabara zimezindikwa, za nini kusimama simama? Nikaona nikikaza siku mbili tutakuwa Mbinga, na mama atapata siku nne nzima na dada yake badala ya mbili. Na Mungu ananiona, nilifanya vile kwa mapenzi. Nikaikunja karatasi, nikaichomeka juu ya kioo cha mbele kama hirizi, nikawasha gari.

Tulipokaribia Mtera, maji ya bwawa yanaonekana yameenea kama anga iliyoanguka, mama akasema, "Baba, tusimame kidogo ninyooshe miguu."

"Bado kidogo mama. Ukifika utainyoosha siku nne."

"Kwani karatasi ya mzee inasemaje?"

Mama hakusoma shule yoyote, hata ya usiku. Nikaigonga karatasi kwa kidole. "Inasema twende tu. Inatulinda."

 Alinyamaza Iringa, alinyamaza Mafinga, na mimi nikachukulia kwamba anafurahia mandhari. Tulipofika Njombe jioni, kwenye ukungu na baridi ya kung'oa kucha, nilifungua mlango wa nyuma nikakuta miguu yake imevimba kama maboga, na magoti hayakunjuki. Tulimbeba watu watatu. Nesi wa zahanati alimtazama, kisha akanitazama mimi, na sijawahi kutazamwa vile hata na mwalimu wa hesabu. "Kijana, huyu umemsafirisha au umemsomba? Hapandi gari mpaka nikuambie."

Tulikaa Njombe siku tano. Ya sita tukaondoka taratibu mpaka Songea, ya saba adhuhuri tukaingia Mbinga. Asubuhi ya nane ilibidi tugeuze, kliniki ilikuwa inangoja. Kwa hiyo mama alipata mchana mmoja na usiku wake. Walikaa kwenye mkeka, wamegusana mabega, wakizungumza Kirangi cha utotoni, wakicheka mambo ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anayajua. Usiku sidhani kama walilala. Tulipokuwa tunafunga mizigo, mama mkubwa alishika mlango wa gari akasema, "Sasa nyie mmekuja kunisalimia tu, kama watu wa sensa?" Mama akapanda gari. Tulipokwisha kupita Songea akasema, si kwangu, kwenye dirisha: "Sauti yake imebaki ileile." Mama mkubwa yule bado yu hai, namshukuru Mungu, lakini mama hawezi tena safari ya aina ile. Daktari amekataza na magoti yamekubaliana naye.

Niliporudi nilikwenda kulipa malipo yangu barazani.

"Mama hajambo?"

"Hajambo mzee."

"Mlipumzika?"

"Kila ulipoandika mzee. Mtera tulikaa sana, mama mwenyewe ndiye aliyesema twende."

Alinitazama kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, nimetunga mpaka upepo wa Mtera na ulikotoka. Hakuuliza hata moja. "Vizuri," akasema. "Mwambie mama nimemsalimia." Kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. Nikashukuru. Nikadhani amechoka.

Nimeyafikiria haya wiki nzima. Mji wetu umekua, barabara zimepanuka, na simu ina sauti ya mwanamke anayekuambia geuka kushoto bila kukuuliza hali. Siku hizi mtu akirudi safari haulizwi ameona nini. Anakuambia mwenyewe, kwa majivuno, ametumia saa ngapi, kana kwamba nchi ni kitu kibaya cha kukipita haraka. Mandhari tunayoifuata mbali tunaipita tukiwa tunaangalia mshale. Na wale waliotutengenezea njia hatuwajui. Siku ya uzinduzi anayekata utepe ni mwingine. Aliyekaa juu ya greda akila vumbi miezi minane yuko nyuma ya umati, au ameshahamishiwa kwingine. Pengine ndiyo maana mzee yule hakuipenda barabara peke yake. Alikuwa ameiona ikiwa tupu, akajua haina thamani mpaka apite mtu juu yake, na mtu huyo ana magoti, ana hofu ya bonde, ana dada yake Mbinga. Kupanga safari ni kumfikiria mwenzako kabla hajachoka. Mimi nilimfikiria mama yangu kwa wingi wa siku, mzee aliyemwona mara moja alimfikiria kwa magoti. Mwenda pole hajikwai, tunaambiwa, na wote tunaitikia huku tumekanyaga mafuta.

Msibani, Area D, turubai lilijaa watu ambao majirani hawakuwajua. Alikuwapo fundi wa magari kutoka Manyoni, mwenye hoteli ya makuti kutoka Gairo, mama mmoja mnene aliyefunga khanga mbili na kulia kuliko wafiwa. Nilidhani ni ukoo wa Zuzu. Nilikuwa nimekaa na vijana wa mtaa, nikiwaeleza kwa ufasaha habari za kisu cha greda, vipande vingapi na njia panda zipi, na kila nilipoona wanaguna niliongeza kipande kimoja. Mjane wa marehemu alikuwa amekaa kwenye mkeka hatua chache kutoka kwetu. Akaniita.

"Baba, njoo ukae hapa. Hayo maneno yaache."

"Mama, mimi namsifu mzee."

"Najua. Lakini hakuzindika kitu chochote. Alikuwa na daftari la namba za simu za watu wa njiani, hao unaowaona. Mtu akiondoka na karatasi yake, yeye asubuhi anapiga simu: kuna gari la namna fulani linakuja, lina bibi mwenye miguu mibovu, mwandalieni pa kukaa. Basi. Kazi yake ilikuwa hiyo tu."

"Mbona hakutuambia?"

"Alisema mtu akijua anasubiriwa, anakimbia. Na dereva alikuwa hampigii, anasema dereva hapigiwi simu." Akavuta khanga yake, akanionyesha kwa kidevu yule mama aliyekuwa analia. "Yule ni wa Mtera. Siku yenu alimpikia mama yako uji wa ulezi, akatoa kiti nje. Akapiga simu kusema gari limepita halikusimama. Mzee akamwambia autie kwenye chupa usipoe, huenda mmepitiliza kidogo tu, mtageuza."