Senti Juu ya Jiwe la Curtis

Jirani yangu Orval Trimble alikuwa mbishi, na ubishi wake mkubwa ulikuwa juu ya senti. Kila jioni alimwaga chenji yake yote kwenye meza ya jikoni, hapa kwetu Ohio, Marekani, akachambua: za shaba kopo hili, za zinki kopo lile. Za kabla ya mwaka 1982 ni shaba. Za baadaye ni zinki iliyopakwa shaba ya kuzugia macho tu. Zenye mwaka wenyewe wa 1982 ndizo zilimsumbua, maana zilitoka za aina zote mbili. Hizo aliziangusha mezani, akatega sikio. Ya shaba hulia, ya zinki hudunda tu kama kifungo cha shati. Akiwa na shaka bado, alisugua ukingo kwa tupa. Akiona weupe, kopo la zinki.

"Orval, unatulisha vumbi la chuma," mkewe Nadine alilalamika.

"Kula, bibie, ndiyo afya hiyo."

Shaba zote zilikuwa za Curtis, mtoto wao wa pekee, aliyefia vitani. Kwetu ukizuru kaburi la askari unaacha senti juu ya jiwe, ili watu wake wajue kuna mtu alifika. Orval hakukubali kumwekea mwanawe zinki, ambayo mvua huila ikabaki unga. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba katika wale aliopigana nao Curtis, hakuna hata mmoja aliyekuja, si kwenye mazishi, si baadaye. Kila Jumapili alikwenda kutazama kama ipo senti isiyo yake.

Mwaka jana, majira ya kuchipua, ikaonekana. Alinigongea mlango akihema.

"Kuna mtu kaja! Kaacha senti!"

"Nani?"

"Nitajuaje? Ya zinki, mwaka wa juzijuzi. Kijana wa watu hajui mambo, lakini kaja!"

Zikafuata nyingine. Orval akaanza kunyoa ndevu tena. Alimsimulia kila mtu, hata wasiotaka kusikia, na wala hakuthubutu kuzigusa pale zilipo.

Jumapili moja nilimpeleka mimi kwa gari. Senti mpya ilikuwepo, na mwaka wake ulikuwa 1982. Mazoea yakamshinda: akaiokota aidondoshe kwenye jiwe asikilize. Vidole vikasimama ukingoni. Ulikuwa umesuguliwa kwa tupa, mweupe.

"Hii imetoka kwenye kopo langu," alisema. "Nadine. Zote ni Nadine. Hakuna aliyekuja, bwana wee. Hakuna!"

Akalia kwa sauti, mzee yule, amelikumbatia lile jiwe lenye jina la mwanawe. Nami nililia, na nikawachukia wale vijana ambao hata sura zao sizijui.

Tulipofika kwake, Nadine alikuwa anapakua nyama na viazi. Hakugeuka.

"Vipi huko? Mlikuta kitu?"

Orval alivua kofia, akaitundika.

"Tumekuta," akasema. "Yule kijana kaja tena."

"Mungu ambariki."

"Ambariki sana," Orval akajibu. Akamvutia mkewe kiti, akamwomba aache vyombo, akae naye.