Kidevu cha Mwantumu

Siku hizi msichana huingia katika duka lenye mlango wa kioo, akapigwa mwanga kidevuni na kuahidiwa kwamba nywele zimekwenda zisirudi, lakini zamani, Mbeya ya mwaka sabini na sita, kabla hujang'olewa hata unywele mmoja uliambiwa kwanza kwamba utarudi.

Aliyekuwa akiyasema hayo ni Bi Mwanakhamisi, mwanamke mfupi mwenye vidole vigumu kama vya mfinyanzi. Baba yake alipanda huku milimani kutoka Kilwa na mzigo wa nguo za kuuza, akaoa, akabaki. Bi Mwanakhamisi aliishi nyuma ya soko la Mwanjelwa, na Waislamu wa mjini hawakuozesha binti bila kumwita. Alichemsha sukari kwa maji na ndimu mpaka ikawa na rangi ya asali, akaiacha ipoe kidogo, akaikanda, akaibandika na kuivuta. Binti alitoka mikononi mwake laini kama ganda la yai. Lakini kabla ya kubandika alikuwa na maneno yake, na hakuwahi kuyaruka.

"Mwanangu, mimi nang'oa, sizuii. Mwezi ukiandama mara mbili utanitafuta tena. Kama umefuata muujiza, mlango ule pale."

Alikuwa na desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyowachekesha vijana. Bibi harusi akiwa na nywele mahali pa kuonekana, mdomoni au kidevuni, alimkataza kuzigusa kwa wiki tatu. Zikishachomoza vizuri, aliwaita wanawake wa upande wa bwana harusi, akamsimamisha binti penye mwanga wa mlango na kumfunua uso. "Mtazameni kwa macho yenu, msije mkasema mliuziwa mbuzi kwenye gunia." Wanawake wale walikuja na sukari na ndimu. Wakiridhika waliziacha, na ndizo zilizochemshwa. Wasiporidhika waliondoka nazo. Sukari ikishabaki, neno limefungwa: mume hawezi kusema hakujua, na mke ana siku zake mbili za kufunga mlango kila zinapoota, bila mtu kumuuliza.

Aliyeicheka desturi hiyo kuliko wote alikuwa Yunusu, mtoto wa kaka yake mwenyewe.

Bi Mwanakhamisi ndiye aliyemlea Yunusu, na mdogo wake Mwantumu, tangu walipofiwa na wazazi. Yunusu aliishia darasa la nne, akawa kinyozi pale sokoni. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wazee walisinzia kitini akiwa bado na wembe shingoni mwao. Alijifunza Kiingereza kwa kamusi iliyokosa jalada, na jioni aliwafundisha watu wazima kusoma. Alikuwa kijana mwema. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuweza kuvumilia kwamba sufuria la shangazi lijue jambo ambalo vitabu vyake havikulijua.

Mwantumu alianza kuota ndevu akiwa na miaka kumi na mitano. Hazikuwa malaika, zilikuwa ndevu hasa, nyeusi, za kidevu kizima. Shuleni walimwita Shehe. Wakati Alawi, fundi cherehani wa Iringa, alipomwona katika harusi ya jamaa na kuleta posa, Mwantumu alifurahi siku moja tu. Siku ya pili alikumbuka kwamba atasimamishwa mlangoni.

Majuma machache kabla ya ndoa, Asukile, dereva wa lori aliyekuwa akienda Zambia na kurudi, alikaa kwenye kiti cha Yunusu.

"Ugonile, kinyozi! Leo nimekuletea kitu cha kukustaafishia nyembe."

"Kitu gani hicho, kalamu?"

"Kalamu ya kufuta ndevu za wanawake. Mama mmoja wa Kizungu kule Ndola anahama, anauza kila kitu. Inatumia betri. Unaingiza sindano kwenye tundu la unywele, umeme unashuka, shina linakufa. Kwisha."

"Kwisha kabisa?"

"Mimi dereva, bwana. Niulize breki."

Yunusu alimpa redio yake, akaichukua kalamu pamoja na kijitabu chake. Alikisoma siku tatu na kamusi pajani. Kijitabu kilieleza kwamba nywele haziamki zote pamoja. Ukichoma zilizo juu leo, zilizolala chini ya ngozi zitachomoza baadaye, na sindano haiwezi kuifuata isiyoonekana. Kidevu cha mwanamke mwenye ndevu nzito huchukua mwaka, pengine miwili, kwa kurudia na kurudia. Na hata hapo, kilisema, tegemea kupungua, usitegemee kumalizika.

Yunusu aliyaelewa yote hayo. Laiti asingeyaelewa, uzee wake ungekuwa mwepesi.

"Shangazi," alisema jioni ya siku ya tatu, "safari hii usiwaonyeshe wale wanawake. Hakutakuwa na cha kuonyesha."

"Kidevu kinahama?"

"Kitakuwa safi. Hiki chombo kinaua shina. Hazioti tena."

"Nani kasema?"

"Kitabu."

Bi Mwanakhamisi alikipokea kile kijitabu, akakigeuzageuza. Yeye alisoma Kurani yake vizuri, lakini herufi za Kizungu hazikumwambia kitu. "Humu mmeandikwa kwamba hazioti tena? Kabisa?"

"Kabisa."

Mwantumu alikuwa akipepeta mchele. Aliuweka ungo chini. "Kaka, wallahi? Nisisimamishwe mlangoni?"

"Husimamishwi."

Mwantumu akaufunika uso kwa viganja vyake viwili, akalia kwa sauti, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Baada ya kilio kile, hata kama Yunusu angetaka kuyarudisha maneno yake, angeanzia wapi?

Alasiri kumi na moja mfululizo alifunga kibanda chake cha kinyozi mapema. Mwantumu alikaa dirishani, ameinua kidevu, na kaka yake akachoma unywele mmoja baada ya mwingine. Chumba kilinuka ukwato uliounguzwa. Machozi yalimtoka, lakini kichwa hakukitikisa hata mara moja. Alipopewa kioo siku ya mwisho alijipapasa, akacheka, akamwambia shangazi yake, "Bibi wee, utakufa njaa na sukari yako!"

"Nife tu," alijibu Bi Mwanakhamisi, "mradi wewe uishi."

Wiki ile ile akafika shangazi yake Alawi kutoka Iringa, kwa maana wito ulikuwa umetangulia kabla ya kalamu. Alibeba kikapu cha ndimu na sukari kilo mbili. Yunusu alimpokea kibarazani.

"Karibu, mama. Lakini huyu wetu hana la kuonyesha. Hiyo sukari rudi nayo mkanywee chai."

Watu waliokuwa uani walicheka. Yule mama alitabasamu nusu, akamtazama Bi Mwanakhamisi kama anayengoja neno. Bi Mwanakhamisi aliangalia chini. Kikapu kikarudi Iringa kama kilivyokuja.

Ndoa ikafungwa, Mwantumu akaenda Iringa. Ilikuwa mwezi wa pili. Mwezi wa sita, asubuhi ya baridi kali, Alawi alimrudisha mwenyewe, na sanduku lake kichwani. Hakuwa na makelele. Alikaa juu ya jamvi, akakataa chai.

"Shemeji, mimi sikuoa kidevu," alimwambia Yunusu. "Lakini miezi hii yote mke wangu anaamka kabla ya adhana, anajifungia chooni. Nikimwuliza, tumbo. Usiku ananigeukia ukutani. Nikadhani ana mtu. Mwanamume akishadhani hivyo, amekwisha. Juzi nimevunja mlango, nimemkuta na kikoleo na kipande cha kioo, kidevu kinatoka damu."

Mwantumu alikuwa amekaa karibu na mlango. Kidevu chake kilikuwa na vidonda, na makovu meusi pale kalamu ilipopita, na kati ya makovu ndevu zimesimama.

"Kwa nini hukuniandikia, mwanangu?" aliuliza Bi Mwanakhamisi. "Ningekuja na sufuria langu."

"Kaka alisema hazioti tena. Zilipoota nikajua ni mimi. Nikajua mwilini mwangu mna kitu kibaya hata dawa ya kitabu imekishindwa. Ningemwambia nani kitu kama hicho?"

"Alawi, baba," alisema Bi Mwanakhamisi, "shangazi yako angemwona kama alivyo, ile sukari angeiacha?"

"Angeiacha, mama. Tangu posa tulishaambiwa na watu kwamba msichana ana ndevu. Ndiyo maana alikuja na kilo mbili. Tulikuwa tunangoja nyinyi mseme. Mkamrudisha mzee wa watu na kikapu chake, watu wanamcheka." Alikaza macho kwenye jamvi. "Nywele ningezizoea. Kufichwa sikuzoei. Sasa hata akicheka najiuliza anaficha nini."

Akatoa talaka moja mbele yao, akaomba radhi kwa Bi Mwanakhamisi, akaenda kutafuta basi. Walingoja eda yote kama atarejea. Hakurejea.

Siku ile ile, Alawi alipoondoka, Bi Mwanakhamisi alimwambia Yunusu alete kijitabu. "Nisomee. Usiruke."

Akamsomea, akimtafsiria kila neno kwa Kiswahili: zilizolala chini, mwaka mmoja au miwili, kupungua wala si kumalizika. Mwanamke yule alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Basi kitabu hakina kosa," alisema. "Kimesema kama ninavyosema mimi."

Hakumtukana. Tangu siku hiyo hakuchemsha tena sukari kwa bibi harusi yeyote. Waliokuja kumwita aliwaambia nyumba yake imekwisha kusema uongo, hawezi tena kusimama mlangoni kwa mtu akasema ukweli. Wanawake wa mjini wakaanza kujinyoa kwa nyembe vyumbani, kila mtu kivyake, na kuonyeshana kukafa hivyo, kimya kimya, mpaka leo ukiitaja desturi hiyo watu wanadhani unatunga. Yunusu aliendelea kunyoa watu pale sokoni miaka mingine thelathini, na kila mteja aliyemwuliza kama dawa fulani inazuia mvi au upara alimjibu vikali kupita kiasi, hata wengine wakamhama.

Mwezi wa tisa eda ilipokwisha, Bi Mwanakhamisi aliamua kwenda na Mwantumu kwa jamaa zao wa Kilwa. Treni mpya ya kuelekea pwani ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kazi. Yunusu aliwabebea mizigo mpaka stesheni, vumbi la kiangazi likimjaa kooni. Aliwapandishia magunia, akashuka, akasimama chini ya dirisha lao.

"Bati la jikoni linavuja," alisema Bi Mwanakhamisi. "Liangalie kabla ya mvua. Na kuku yule mwekundu usimchinje, anataga."

"Nimesikia, shangazi. Mwambie Mwantumu..."

"Si huyu hapa? Mwambie mwenyewe."

Mwantumu aliinama dirishani. Yunusu alifungua mdomo. Alitaka kumwambia kwamba makovu yatafifia, kwamba ataolewa tena, kwamba mambo yatakaa sawa, na kila alilolishika aliliona ni ahadi.

"Kaka, nenda kazini," alisema Mwantumu. "Wateja wanangoja."

Treni ikavuta. Yunusu aliwaona wakisogezeana nafasi kwenye kiti, shangazi akimpa binti upande wa dirisha, na binti akikataa, akikaa ndani, mpaka behewa likapinda kwenye kona, wakapotea.