Kuku Ilikataa Kuchakura

Siku mujukuu wangu aliungwa muguu, kuku yangu ilivunjwa wake.

Kwetu Bushi njo vile wazee wa mifupa wanafanya. Mutu akivunjika, unamupelekea muzee kuku. Naye anaivunja muguu ya upande uleule, kushoto kwa kushoto, halafu anaifunga na vijiti na majani sawasawa na vile anafunga ya mutu. Mutu na kuku wanarudi kulala mu nyumba moja. Siku kuku itatembea, mutu naye atembee. Kuku hiyo haiuzwi, haipikiwi mugeni, haichinjwi hata Noeli ikifika, mupaka mugonjwa apone kabisa. Padri wetu hapendi mambo hiyo, na mimi misa ya kwanza hainipiti. Lakini nimeona watu mingi waliopelekwa kwa muzee ule mugongoni, wakarudi kwa miguu yao. Majina yao yote niko nayo kichwani. Ningeyaandika hapa tangu la kwanza, lakini wengine walishakufa na wengine hawatapenda, basi niyaache.

Mujukuu huyo ni mutoto wa binti yangu. Tunakaa watatu mujini, juu ya kilima cha Kadutu, mu nyumba aliyotuachia bwana yangu. Mutoto huyo hakujifunza kutembea, aliruka hatua hiyo akaanza kukimbia. Alipokuwa musichana mukubwa, kila asubuhi alikuwa anashuka mupaka Ibanda kukimbia kando ya ziwa, kule njia iko sawa na imbwa za watajiri zinabweka nyuma ya milango ya chuma. Alikuwa na équipe yake ya mbio na entraîneur mwenye kuwafundisha, na viatu vya rangi ya machungwa ambavyo alivisafisha kuliko nguo ya kanisa.

Mu musimu wa mvua, moto, pikipiki yenye kubeba mifuko ya makala, iliteleza mu udongo, pale tunapotelemukia, ikamulalia muguu ya kushoto. Ku hospitali walimufunga plâtre, ile chokaa ngumu. Walipoitoa, muguu ilikuwa imekonda sawa kijiti cha muhogo, lakini juu pale karibu na vidole bado imevimba. Munganga wa hospitali alisema mufupa inataka wakati, arudi tena. Binti yangu akasema wakati gani tena. Mimi njo nilisema tumupeleke kwa muzee.

Muzee anakaa ku milima, juu ya kijiji cha Miti. Alipaka mafuta ya ngombe, akapapasa muguu polepole macho yakiwa yamefungwa, kisha akavuta. Mujukuu wangu aliuma kitenge yangu mupaka ikatoboka, lakini hakulia. Alilia wakati muzee alishika kuku.

Muzee alituambia, "Kwa mutu mwingine kutembea ingetosha. Huyu anakimbia. Kuku ikichakura, inasimama juu ya muguu moja. Ngojeni mupaka isimame juu ya huu mubovu na kuchakura na mwingine. Siku hiyo akimbie."

Tulirudi nao wote wawili. Kuku, nyekundu yenye shingo nyeusi, tuliilalisha mu karton chini ya dirisha, yeye mu kitanda changu. Alikuwa anaigawia mahindi kutoka mukononi mwake. Jirani yetu, mwenye mudomo usiochoka, kila akipita ananiita koko, ni kusema bibi, na kuuliza: "Koko, wagonjwa wako wanaendeleaje? Yule wa manyoya na yule wa mafuta ya nywele?" Tulicheka. Wakati huo tulikuwa tunacheka bado.

Kuku ilitembea. Mujukuu wangu naye akatembea, kwanza na fimbo, kisha bila fimbo, kisha akaanza kunificha kwamba anaruka kamba nyuma ya choo. Lakini kuku haikuchakura. Zile zingine zilikuwa zinatupa udongo huku na kule, nayo inafuata nyuma yao na kuokota yale zimefunua, sawa mujane ku shamba la watu. Ikitaka kusimama juu ya ile muguu, inaegama, inateremusha ingine haraka. Nilikuwa ninaiangalia kila asubuhi nikiwa na kikombe changu cha chai. Chai inapoa mukononi.

Hapo entraîneur akapanda kilima kutuona. Alisema kutakuwa mbio kutoka Miti mupaka Ibanda, kilometre vingt et un, makumi mbili na moja, na wale watakimbia vizuri njo watabaki mu équipe. Asiyekuja, nafasi yake itaenda kwa mwingine.

Njia hiyo naijua na nyayo zangu. Nikiwa musichana tulikuwa tunaitembea siku za soko, mukungu wa ndizi mugongoni, mukanda wa kamba ku kipaji cha uso. Hakuna aliyetungojea Ibanda na medali. Nilimusimulia mujukuu wangu habari ya mulima wa mwisho mbele ya kuingia mujini: pale hakuna mwanamuke aliyetua muzigo, maana ukitua hautaweza kuuinua tena. Mwenzako akiona umechoka, anakuja kando yako, anatia mukono chini ya muzigo wako na kuuinua kidogo, hatua chache tu, nawe unapata pumzi. Alinisikiliza sana siku hiyo. Nilifikiri anapenda hadithi.

Binti yangu aliniachia mimi neno la mwisho. Alisema, mama, weye njo ulitupeleka kwa muzee, kuku ni yako, siku utasema imepona mutoto atakimbia. Mutoto alisikia vile.

Asubuhi moja binti yangu akaniita kutoka uwanja, sauti yake ya furaha: "Mama, kuja uone."

Niliona kuku nyekundu yenye shingo nyeusi, inachakura kwa kulia, inachakura kwa kushoto, udongo unaruka mupaka ku sahani zilizokuwa zinakauka. Binti yangu alipiga makofi. Mimi nilisimama ku mulango. Kuku zangu zote ziko na majina, naziita kwa chakula moja moja kama vile mwalimu anaita watoto. Ile yenye kuvunjika nililiita jina lake. Haikugeuza kichwa. Nikaliita tena. Inaendelea tu kuchakura.

"Hii haiko yenyewe," nikasema.

Binti yangu aliangalia kuku, kisha akaniangalia kama vile mutu anaangalia muzee ambaye akili imeanza kutembea. Lakini mujukuu wangu alikuwa anaangalia chini.

"Nilibadilisha, Koko," akasema. "Ku soko ya Mudaka. Ile ingine haingechakura hata mwaka mwingine."

"Na ulimupa nani?"

"Mama mwenye kuuza kuku. Sikuuliza ataipeleka wapi."

Nilifikiri mama yake atakasirika. Alikaa juu ya kiti kidogo cha jikoni, akapangusa uso. Alisema tangu mutoto avunjike hajamuona akicheka kama wiki hii. Alisema mutoto anatembea, anaruka, hata munganga alisema ni wakati tu, na wakati umepita.

"Mama, muguu ni ya mutoto. Haiko ya kuku. Aache akimbie."

Basi niliacha akimbie, maana neno la mwisho nililopewa lilikuwa limechukuliwa. Lakini ile kuku ililala na mutoto chini ya dirisha moja, ikavunjwa kwa ajili yake, ikaumia kwa ajili yake. Hata kama haikuwa na nguvu yoyote, ilikuwa inatuonyesha kitu, na sasa haiko ya kutuonyesha.

Nilipanda taxi mupaka Mudaka, ku njia ileile ya Miti. Yule mama mwenye kuuza kuku alikumbuka mara moja, maana kuku yenye kuchechemea hainunuliwi haraka. Alisema alimuuzia kwa bei ya chini mwanamuke mumoja ambaye binti yake alikuwa amezaa, wakamupikia supu. Aliongeza, kwa kunitia moyo, kwamba ilikuwa na mafuta mazuri.

Palepale sokoni nilikuta mutu wa kijiji cha muzee wa mifupa, nikamutuma amuambie yote. Jibu lilirudi juma lililofuata. Muzee hakulaani, hakuuliza. Alisema tu: muambieni yule mama nimesikia. Ningependa angenitukana. Nilipiga rozari nyingi kwa lile neno moja.

Siku ya mbio binti yangu alishuka kungojea Ibanda, pale watafikia. Mimi nilienda ku ule mulima wa mwisho, nikakaa juu ya jiwe kando ya njia, kati ya mama wenye kuuza miwa na vijana wenye kupiga filimbi. Walipita kwanza wanaume wakavu, hata jasho hawana. Wakapita wengine wengi. Wakapita wasichana wa équipe yake, nikawaita kila mumoja kwa jina lake, wawili wakanipungia mukono. Yeye haonekani. Mama mumoja wa miwa aliniuliza nangojea nani, nikamuambia ni mujukuu wangu mwenye viatu vya machungwa. Akanipa kipande cha muwa. Sikuweza kutafuna.

Halafu nikaona vile viatu. Kimoja kilikuwa kinatua vizuri. Cha kushoto kilikuwa kinagusa njia na kuondoka haraka, kinagusa na kuondoka. Mwendo ule nilishauona asubuhi nyingi, na kikombe cha chai mukononi.

Alifika mbele yangu akitembea. Midomo yake ilikuwa na chumvi.

"Tangu wapi?" nikamuuliza.

"Tangu Mudaka."

"Simama basi. Tutatafuta moto, twende nyumbani."

"Nikisimama hapa, Koko, sitaanza tena. Weye njo ulisema."

Ningemushika na nguvu, hata wale mama wa miwa wangenisaidia, tungemukalisha juu ya jiwe langu. Lakini alikuwa ananiangalia vile alivyoniangalia alipouma kitenge yangu. Nikatia mukono chini ya kwapa lake, upande wa kushoto, nikamuinua kidogo, tukapanda. Kijana mumoja akasema kwa nguvu, "Koko, numero yako iko wapi?" Watu wakacheka, wakapiga makofi, wengine wakaanza kuniimbia. Wao waliona bibi anacheza. Mimi nilikuwa nasikia ku mukono wangu uzito wake wote kila mara ile muguu inagusa chini.

Ku kona hatua zangu chache ziliisha. Nikatoa mukono. Alienda.

Ibanda alifika watu wakiwa wanakunja kamba. Medali walimupa, na entraîneur alimushika bega, akasema watazungumuza. Binti yangu alimuleta juu ya moto, medali imening'inia inje ya nguo, wanaimba wote wawili na mwenye moto anapiga honi. Jirani yetu alitoka na bidon ya maji, anaipiga sawa ngoma. Hata mimi nilicheza kidogo. Mutoto alikuwa anacheka sana, lakini hakutoka juu ya kiti, na viatu hakuvivua mupaka jirani alipoenda. Muguu ilitoka mu kiatu sawa mukate uliotiwa chachu nyingi. Niliitia mu maji ya moto na chumvi. Mama yake alisema ni uchovu, kesho itashuka. Nikasema amina.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi nilitoka na chai yangu, nikakuta udongo wa uwanja laini, na nyayo za mujukuu wangu zimeenda mupaka ku choo na kurudi. Ya kulia ilikuwa nzima, na kisigino chake na vidole vyake vyote, imeingia ndani. Ya kushoto ilikuwa vidole tu.

Binti yangu alitoka nyuma yangu na ufagio. Aliona mimi naangalia, naye akaangalia. Mutoto alikuwa amekaa ku mulango, anagawia kuku mahindi mukononi. Ile nyekundu ya Mudaka ilikuwa mbele ya zote, miguu yake mizima, inachakura karibu na kidole chake.

"Mama," binti yangu akaniambia polepole, "yule muzee wa mifupa, anakaa bado kulekule?"

Nikasema anakaa kulekule.

Mujukuu wangu alitusikia. Aliangusha mahindi yote chini, akainama, akachukua ile kuku, akaiweka ku kifua na mikono mbili. Akasimama, akajishika ku ukuta, akaingia nayo mu nyumba, na mulango akaufunga.