Mtoki Kabla ya Komunyo

Juzi, katika zahanati mjini Iringa, muuguzi alipapasa kinena cha mjukuu wangu, akakuta uvimbe, kisha akainama kumkagua vidole vya mguu. Alinieleza kwamba maji ya mwili yanayopanda kutoka mguuni hupita katika tezi za hapo, nazo huzuia vijidudu visiendelee mbele. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, kijijini Igowole.

Nilikuwa nimetoroka mafundisho ya komunyo ya kwanza, nikaenda kucheza mtoni, matete yakanikata unyayo. Nyumbani nilisema nimetoka kanisani. Baada ya siku mbili uvimbe mgumu ulinitokea kwenye kinena. Katekista alitufundisha kwamba dhambi isiyoungamwa hukua ndani, nami niliamini yangu imekua hadi inaonekana. Komunyo ilikuwa Jumapili, na nilijua nitanyimwa.

Bibi alikuwa akichochea kuni mbichi, na moshi ukanipa sababu ya kulia.

"Mke mwenzangu, mbona unachechemea?"

"Nina dhambi, Bibi. Iko hapa."

Akapagusa, akacheka taratibu. "Huo ni mtoki. Lete mguu."

"Mguu haujavimba."

"Mtoki hauji bila kidonda. Ulijikata wapi?"

"Mtoni," nikasema, na mengine yote yakafuata.

Aliniosha kidonda kwa maji ya moto yenye chumvi. "Mguu nimeumaliza mimi," alisema. "Huo uongo mpelekee padre."

Jumapili nilipokea komunyo, uvimbe ukiwa haujaisha. Nilipiga magoti nikimwomba Mungu auondoe upesi, bila kujua kwamba aliuweka pale kunilinda.