Karani Amehesabu Mmoja Zaidi

Hapo juu ya Emali, miaka ya sabini, kulikuwa na mwanamke anaitwa Mumbua, bibi ya Ndolo wa reli. Ndolo alikuwa kazini Mombasa, kwa hivyo mwenye kulinda boma ni mbwa mmoja mwekundu, masikio yameliwa na kupe. Jina lake Karani. Jioni mbuzi wakiingia, anasimama mlangoni anatingisha kichwa, huyu, huyu, huyu, na mmoja akikosa anarudi kichakani mpaka amlete. Kuna makarani wa serikali walikula mshahara miaka mingi na hawakumfikia.

Mumbua akazaa kijana. Akapewa jina la marehemu babu yake, Nzioka, kwa hivyo mama ya Ndolo, Kalondu, akawa anamwita "mume wangu", vile desturi iko. Huyo Kalondu alikuwa mama wa kanisa, mdomo mrefu, mikono mifupi. Alihamia hapo ati kusaidia. Msaada wenyewe ulikuwa kukaa kwa kiti na kuchukia mbwa.

Karani naye akanuna. Mtoto akilia, yeye anabweka. Uji akaacha. Alikuwa anakaa amepatia nyumba mgongo kama mzee amenyimwa nyama. Siku moja akaiba nepi, akaenda nayo kwa kibanda cha mbuzi wadogo.

"Umeona?" Kalondu akasema. "Leo ameonja nguo, kesho ataonja mume wangu! Gicheru wa lori atamchukua akalinde ploti yake Malili."

"Mwaitu, huyo mbwa haendi mahali." Mumbua alimwita Mwaitu, yaani mama yetu kwa Kikamba, kwa heshima tu. Mapenzi hayakuwa hapo.

Nepi Mumbua hakuitoa. Mbuzi akikataa mtoto wa mwingine unafanya nini? Unampaka huyo mtoto harufu ya watoto wake mpaka mama amchukue kama wake. Basi akawa anapeleka nepi ingine, na ingine, na jioni anamkalisha Nzioka hapo mlangoni na mbuzi wadogo, Karani anamnusa. Pole pole mbwa akarudia uji.

Nzioka akaanza kutambaa. Siku ya soko Mumbua akaenda maji, akaachia Kalondu mtoto kwa mkeka. Kurudi na mtungi mgongoni, anakuta ng'ombe za jirani Ndeti zimepita katikati ya uwanja. Mkeka umekanyagwa mpaka umepasuka. Mtoto hayuko.

Na Kalondu ndio huyo anatoka barabarani, Gicheru nyuma yake ameshika kamba. Mama wa kanisa alikuwa ameacha mtoto peke yake akaenda kuita mtu wa kubeba mbwa!

"Uuui! Mbwa amekula mume wangu!"

Majirani wakaja mbio. Mumbua hakupiga nduru. Akauliza kitu kimoja tu: "Karani ako wapi?"

Karani alikuwa amelala mlangoni kwa kile kibanda, ameziba njia yote. Gicheru akasogea, akaonyeshwa meno. Kalondu akasogea, akaonyeshwa meno na ufizi.

"Karani, toka," Mumbua akasema.

Akatoka, mkia unacheza. Ndani, Nzioka ameketi katikati ya mbuzi wadogo, mavi ya mbuzi mkononi, anacheka. Shati yake kwa shingo ilikuwa imelowa mate na kutobolewa na meno, pale alivutwa. Mwili haukuwa na alama hata moja.

"Mwaitu," Mumbua akasema, watu wote wakisikia, "mume wako ulimwachia ng'ombe. Karani akamhesabu na watoto wake."

Gicheru akaangalia kamba yake. "Sasa tumfunge nani, mama?"

Watu walicheka mpaka Ndeti akakaa chini.

Pole Kalondu hakusema, hakujua hiyo neno. Lakini tangu siku hiyo Karani alikataa kunyamaza jioni kama hajahesabu wote, na Mumbua alikataa kuinuka. "Mwaitu, karani anaita." Kwa hivyo Kalondu mwenyewe, na kitambaa chake cha kanisa kichwani, alikuwa anabeba mume wake mpaka mlango wa boma, anasimama kwa laini nyuma ya mbuzi, anangoja mbwa amnuse mtoto na kutingisha kichwa. Ndio arudi kulala.